Maji Yanapumua kwa Saa

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita katika ukumbi wa shule hapa Jinja, mbele ya walimu, wavuvi, wafugaji wa samaki wa vizimba na wanafunzi. Mvua iliwazuia wengi kufika, na wengi wameniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, mama zangu wa mwalo wa Masese, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimekwisha: hamjambo? Musiibye mutya?

Naomba mnijibu kwa sauti. Sasa hivi ni saa ngapi?

Saa tisa! Mmesema saa tisa nyote, kwa mpigo mmoja. Haya, toeni simu. Simu imeandika ngapi? Imeandika tatu. Mbona hamkusema tatu? Nani aliyewafundisha kuikatalia simu?

Ni jua. Sisi tunaosema Kiswahili, na Waganda na Wasoga vilevile katika lugha zao, tunaanza kuhesabu mwanga unapoingia. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga, saa moja usiku ni saa ya kwanza ya giza. Na hapa tulipo, hatua chache tu kutoka ikweta, hesabu hiyo haiharibiki: Januari mpaka Desemba tunapata saa kumi na mbili za mwanga na dakika kidogo juu yake.

Leo nataka kuwaeleza habari za viumbe wanaohesabu siku kama tunavyohesabu sisi. Ni mwani wa baharini. Na katika habari zao nimechagua moja tu: pumzi yao. Yale mambo wanayoyatoa majini yakawa hewa, yakapanda, yakasafiri.

Najua mnachojiuliza. Mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni akasema, "Mwalimu, bahari iko Mombasa. Sisi wa Nalubaale, hili Ziwa Victoria, inatuhusu nini?" Mzee wangu, nivumilie. Nitakwenda baharini, na nitarudi mwaloni kabla ya jua kuzama.

Mkipita soko la mukene, dagaa wetu wa ziwani, mmefumba macho, pua haiwaambii mmefika? Inawaambia. Kwa nini? Kwa sababu kuna vitu vinavyotoka kwenye samaki, vyepesi, visivyokubali kukaa, vinageuka hewa na kukufuata mpaka njiani. Mwani nao unatoa vitu vya namna hiyo. Baadhi vina salfa, baadhi vina bromini, baadhi vina iodini, hiyo tunayoiita madini joto kwenye pakiti ya chumvi. Na ninaposema mwani msiwaze majani marefu peke yake. Mwingi ni wa seli moja, hauonekani kwa macho, unaelea. Hao wadogo wanaoelea ndio wanaofanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia, yaani ile kazi ya kujitengenezea chakula kwa mwanga. Nusu, ndugu zangu! Misitu yote, mashamba yote, nyasi zote za Karamoja na za Serengeti ni upande mmoja wa mizani. Upande wa pili ni vumbi la kijani lisiloonekana.

Sasa sikilizeni jambo la kwanza. Saa iko ndani.

Watoto, nani hajacheza na weewumbeko? Ule mmea wa njiani unaougusa ukajikunja. Kiswahili tunauita kifaurongo, kwa sababu unajifanya umekufa. Usiku pia hujikunja wenyewe, asubuhi hufunguka. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuchukua mmea wa tabia hiyo akaufungia gizani. Alitaka kujua: pasipo jua, utafunguka saa ngapi? Ulifunguka asubuhi. Mle gizani, bila kuambiwa na mtu, ulifunguka wakati wa nje kulipokucha, ukafunga jioni.

Bahari nayo ina kiumbe wa seli moja, Lingulodinium, ambaye usiku maji yakitikiswa huwaka mwanga wa buluu. Watafiti walimweka maabara kwenye mwanga hafifu usiobadilika, hana mchana wala usiku. Aliendelea kuwaka zaidi katika saa zilizokuwa usiku wake. Na mwaka 2005 huko Japani, watafiti walichukua protini tatu tu za sayanobakteria, viumbe ambao sisi tunawaita mwani wa kijani-buluu, wakazitia kwenye kichupa pamoja na chakula cha nguvu ambacho seli hutumia. Hakukuwa na seli mle, hakukuwa na kiumbe hai. Zile protini zikaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kila mzunguko takriban saa 24. Mimi niliposoma habari ile niliweka karatasi chini nikatoka nje nikasimama. Saa ndani ya kichupa cha maji!

Inawasaidia nini? Mwangalieni muuza rolex, ile chapati inayokunjwa na mayai, pale stendi. Anakanda unga saa ngapi? Anakanda kabla wateja hawajaja. Akingoja mteja wa kwanza ndipo atafute unga, siku imempita. Mwani wenye saa huanza kuandaa vyombo vyake vya kushika mwanga kabla jua halijatoka. Kwa hiyo ukikuta pumzi yake inabadilika alfajiri, usikimbilie kusema mwanga umeibadilisha. Huenda ni saa, huenda ni mwanga, mara nyingi ni vyote viwili.

Jambo la pili ni mchana, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipofundishwa.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa Unguja, pwani ya mashariki, kijiji cha Paje. Huko wanalima mwani tangu 1989. Wakulima wengi ni akina mama. Wanapigilia vijiti mchangani, wanafunga kamba, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, na kazi inafanyika maji yakipwa. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hupwa sana kabla ya adhuhuri, jua likiwa limeshakuwa kali. Basi na sisi wanafunzi tulikuwa tunakwenda saa hiyo hiyo, na chupa zetu, tunachota, tunaandika, tunarudi kula. Siku tatu mfululizo, saa karibu ile ile.

Siku ya nne bibi mmoja aliyekuwa anatupisha kwenye shamba lake aliniita. Akasema, "Mwanangu, njoo uone." Akanionyesha mwani wake ndani ya maji ya magotini. Ulikuwa umejaa mapovu madogo, kama soda. Akaniuliza, "Haya mapovu unayaona alfajiri?" Nikasema sijawahi kuja alfajiri. Akasema, "Na usiku maji yanapwa tena. Umewahi kuja?" Nikasema sijawahi. Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Sasa nyinyi mnaouandika mwani, mnauandika ukiwa kazini tu. Ukilala je?"

Usiku ule tulikwenda naye, na tochi. Maji yalikuwa ya magotini vilevile, mwani ule ule, kamba ile ile. Povu hata moja hapakuwa. Nilisimama pale nikaona aibu, na nikaona furaha pia, kwa sababu Mungu alikuwa ametuwekea jaribio kamili bila gharama: kina kile kile, mahali pale pale, kimeondolewa kitu kimoja tu, mwanga.

Yale mapovu ni oksijeni ya usanisinuru. Lakini mwanga ukizidi, mwani hushindwa kuutumia wote, kama mtu anayemiminiwa uji kuliko mdomo unavyomeza. Unaozidi huzaa vitu vikali ndani ya seli, mojawapo ni haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda na kubadilisha rangi ya nywele. Ikikaa ndani inaunguza. Mwani mwekundu kama ule wa Paje una vimeng'enya, protini zinazoharakisha kazi za seli, vinavyoichukua ile peroksaidi, vinaikutanisha na bromini ya maji ya chumvi, na mwisho wa safari hiyo zinatoka gesi kama bromofomu. Kwa hiyo bromofomu ile ni kama moshi wa jiko la kujiokoa. Jua likikaza, jiko linawaka zaidi.

Na kuna la pili linaloongezeka palepale. Maji yakiwa yametulia na ya kina kifupi, mwani hula kaboni dayoksaidi iliyomo mpaka maji yanapoteza ukali wake wa asidi. Mwaka 1996 watafiti wa Tanzania na Uswidi, wakiwemo Matern Mtolera na Profesa Adelaida Semesi, walichapisha kazi juu ya mwani uleule wanaoulima Zanzibar, Eucheuma denticulatum. Walionyesha kwamba mwanga mkali na maji yaliyopungukiwa asidi huufanya utoe zaidi gesi hizi za bromini na ndugu zake. Angalieni basi: bamvua, kabla ya adhuhuri, maji kidogo, jua la utosi. Yote mawili yanakutana hapo. Nasema majina haya kwa makusudi, wanafunzi wangu. Elimu hii haikutoka mbali. Imetoka Afrika Mashariki, kwa watu waliokuwa wanazungumza Kiswahili wakati wa chai.

Kuna gesi nyingine ya mchana, isoprini. Mkitaka kuijua, shikeni tairi la bodaboda: mpira wa asili umejengwa kwa vipande vya isoprini vilivyoungana. Miti mingi huitoa, na mwani mdogo wa baharini pia huitoa, ingawa kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na misitu. Hutengenezwa pamoja na usanisinuru, kwa hiyo hupanda na jua na kushuka na jua. Hiyo ni rahisi, tuiache.

Sasa usiku. Mtu akisikia hayo atasema: basi mwani hupumua mchana, usiku umelala, kazi imekwisha. Je, ni kweli?

Wavuvi wa mukene, nawauliza nyinyi. Mnakwenda ziwani mwezi ukiwa mpevu? Hamwendi. Mnakwenda usiku wa giza, na taa. Mchana mukene yuko chini, usiku anapanda. Baharini ni vivyo hivyo, kwa ukubwa usiosemeka. Kila jua likizama, wanyama wadogo wanaoelea hupanda kutoka gizani chini kuja juu kula mwani, na kukikaribia kucha hushuka kujificha. Hakuna msafara wa wanyama mkubwa kuliko huo duniani, na hufanyika kila usiku.

Mwani mwingi mdogo una akiba ndani yake yenye salfa. Mnyama akiutafuna, seli inapasuka, akiba inakutana na kimeng'enya, inatoka gesi inayoitwa dimethili salfaidi. Tuiite DMS, jina ni refu. Inanuka kama kabichi iliyochemshwa mpaka ikachoka. Watu wanaosema wanasikia harufu ya bahari, sehemu ya wanachokisikia ni hiyo. James Lovelock, mwanasayansi Mwingereza, alipanda meli Shackleton mwaka 1971 na kifaa alichokibuni mwenyewe, akapima hewa na maji kutoka Uingereza kuelekea kusini. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakaandika kwamba DMS iko baharini kote walikopita. Leo inakadiriwa kwamba bahari hutoa kwa njia hiyo takriban tani milioni 28 za salfa kila mwaka.

Na sasa nisikilizeni vizuri. Hewa ya mbali na nchi kavu, DMS huwa nyingi saa ngapi? Kisiwa cha Kiritimati kiko Pasifiki, karibu na ikweta kama sisi. Katika miaka ya 1990 walipima pale usiku na mchana. DMS hewani ilikuwa juu kabisa jua linapotoka, na chini kabisa alasiri. Alasiri! Wakati ambao mtu wa Paje angesema mwani umetoka kufanya kazi kubwa.

Sababu ni kwamba jua lina mikono miwili. Kwa mkono mmoja linaulisha mwani. Kwa mkono mwingine linaivunja DMS: ndani ya maji mwanga huichoma, na hewani mwanga huzaa chembe kali zinazoila. Usiku zile chembe hazipo, lakini bahari haijafunga mlango, gesi inaendelea kupanda na kujikusanya mpaka alfajiri. Kwa hiyo mpimaji wa saa nane mchana ataandika "kidogo", na mpimaji wa alfajiri ataandika "nyingi", na wote wawili ni wakweli, na ukimchukua mmoja peke yake umedanganyika.

DMS iliyovunjwa hewani hugeuka punje ndogo zenye salfa, na matone ya mawingu huanzia kwenye punje kama hizo. Mwaka 1987 Lovelock na wenzake watatu walipendekeza kwamba mwani kwa njia hii unaisaidia dunia kujipoza. Wengine wamelipinga wazo hilo kwa hoja nzito, hasa katika andiko la mwaka 2011, na mimi naona hoja zao zina uzito. Ila kwamba punje zinatoka na mawingu yanazitumia, hilo halina ubishi. Mzee wangu wa mlangoni, sehemu ya unyevu wa mvua yetu hutoka Bahari ya Hindi. Hivyo bahari haiko mbali sana, hata leo imewazuia wenzetu kufika.

Ndege wa baharini nao wanaijua DMS. Mwaka 1995 mtafiti Gabrielle Nevitt alionyesha kwamba baadhi ya ndege wa bahari za kusini huifuata, kwa sababu palipo na mwani unaoliwa pana chakula. Na mwaka 2016 ikaonekana kwamba plastiki inayoelea baharini huota mwani, ikaanza kunuka DMS, ndege wakaila. Kaveera, mfuko wa plastiki, linalotoka mkononi mwako likafika majini hujifunza kunuka kama chakula. Hilo linaniuma kuliko nitakavyoweza kulisema leo.

Kwa haraka tu, mahali pengine. Mace Head, pwani ya magharibi ya Ireland, kuna mwani mkubwa wa kahawia uliojaa iodini. Maji yakipwa unabaki nje na kutoa iodini hewani. Watafiti waliona punje mpya zinazuka angani kama mlipuko, lakini maji kupwa peke yake hakukutosha. Ilibidi yapwe mchana. Saa ya mwezi na saa ya jua zikutane ndipo mlango ufunguke.

Haya, nimerudi mwaloni kama nilivyoahidi.

Nalubaale hana mwani wa bahari. Ana sayanobakteria, hasa Microcystis na jamaa zake, wale wanaolifanya ziwa liwe kama limemwagiwa rangi ya kijani. Nao wana saa, na wanaishi kwa mwanga. Wana vifuko vya hewa vinavyowaelesha. Mchana wakitengeneza sukari nyingi wanakuwa wazito, wanashuka. Usiku wanaitumia ile sukari, wanakuwa wepesi, wanapanda. Ndiyo sababu, mama zangu mnaochota maji, asubuhi ya utulivu mnakuta utando mzito wa kijani, na mchana upepo ukivuma mnasema umeondoka. Wapi! Umeshuka na kuchanganyika.

Na harufu ya udongo katika maji, au katika samaki ngege wa bwawani? Mara nyingi ni geosmini, ileile inayonukia mvua ya kwanza ikigonga vumbi. Pua ya binadamu huigundua ikiwa nanogramu 10 tu katika lita, pengine chini ya hapo. Nyingi hukaa ndani ya seli na kutoka zinapopasuka. Lakini tafadhali, naomba hili mlichukue nyumbani: harufu na sumu ni vitu viwili. Maji yanaweza kunuka na yasiwe na sumu ya Microcystis, na yanaweza kuwa nayo yasinuke. Kuyachemsha hakuiondoi ile sumu. Utando wa kijani usichotwe kwa kunywa, hata ukiyachemsha mara tatu.

Wafugaji wa vizimba, nyinyi mnaijua alfajiri kuliko mimi. Usiku hakuna usanisinuru, lakini kila kiumbe majini kinaendelea kuvuta oksijeni. Kiwango cha chini kabisa huja kabla ya kucha. Samaki wakianza kuhema juu ya maji saa kumi na moja, na mtaalamu akaja kupima saa nne akasema oksijeni ni nzuri, nani kakosea? Kifaa hakijakosea. Saa ndiyo iliyokosewa. Mwaka mmoja nilimwona jirani akizika samaki wa kizimba kizima huku mkononi ana karatasi inayosema maji yake ni salama. Karatasi ilikuwa imeandikwa mchana.

Ndiyo maana nimewaita. Ninaomba tulipime ziwa letu hapa Masese kwa siku moja kamili, jua kwa jua. Kila saa: joto la maji, oksijeni, asidi, rangi, harufu kwa maneno ya anayeinusa, upepo, na kama utando upo au haupo. Kipima oksijeni na kipima asidi shule inavyo. Mvuvi atuambie harufu, maana pua yake ina miaka arobaini ya mazoezi. Mwanafunzi aandike. Mwalimu akeshe nao.

Tutaanza Ijumaa ijayo saa moja jioni, mwezi ukiwa mchanga, kwa hiyo wa mukene watakuwa ziwani na taa zao na watatusalimu. Kwenye meza pale mlangoni kuna chupa ishirini na nne zilizobandikwa namba, na daftari. Saa za mchana zimeshajazwa, nimeona. Kuanzia saa saba usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri hakuna jina hata moja ila langu. Mimi nimejiandika saa tisa. Nahitaji wanne wengine.